Alama Juu ya Herufi

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumejaliwa lugha iliyo nyepesi kuandikwa. Anayezijua herufi zake aweza kulisoma gazeti kwa sauti hata kama habari yenyewe haielewi, na wanaomsikiliza wakaielewa vizuri. Neno huandikwa kama litamkwavyo, na mkazo nao una mahali pake panapojulikana, yaani silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa sababu hiyo hatuna desturi ya kuweka alama juu ya herufi, na tunapoziona alama hizo katika lugha za wengine huzidhania kuwa ni mapambo, kama shanga zilizoning'inizwa juu ya mlango.

Hata hivyo, na sisi tunalo neno "barabara". Tukiandika kwamba kazi ya barabara imekwisha barabara, macho huona neno moja mara mbili, lakini ulimi hauwezi kudanganyika. Mara ya kwanza sauti hukazwa kwenye silabi ya tatu, mara ya pili kwenye silabi ya pili, na hakuna Mswahili atakayekosa kujua ipi ni njia ya magari na ipi ni ukamilifu wa kazi. Tofauti hiyo haikuandikwa popote. Tumeibeba kinywani, tukapokezana kutoka kwa mama hadi kwa mtoto.

Nyumbani kwetu Bukoba tulizungumza Kihaya. Kihaya, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, hupandisha na kushusha sauti, na kupanda na kushuka huko kuna kazi katika maana. Kiswahili kiliziacha toni hizo zamani, lakini ndugu zake wengi wa bara wanazo hadi leo. Vitabu vya Kihaya nilivyovisoma utotoni vilikuwa na herufi tupu, na sisi tuliozaliwa ndani ya lugha tulijaza wenyewe kile kilichokosekana, bila hata kujua kwamba tunajaza kitu. Sikupata kulifikiria jambo hili mpaka nilipokwenda kuishi katika mji wa Tainan, kusini mwa kisiwa cha Taiwan, mwaka 2011, kwa masomo ya miaka miwili.

Lugha ya shule na ofisi katika kisiwa hicho ni Kimandarini, nami nilijifunza hicho kwa ajili ya masomo. Lakini sokoni Tainan, na katika nyumba za wazee, husikika lugha nyingine, ambayo wenyewe huiita "Tâi-gí", nasi twaweza kuiita Kitaiwani. Mababu wa wasemaji wake walivuka bahari kutoka kusini mwa mkoa wa Fujian, hasa Quanzhou na Zhangzhou, karne kadhaa zilizopita, na lugha yao ikakua kisiwani kwa njia yake. Kimandarini na Kitaiwani si lahaja mbili za watu wanaoelewana. Mtu aliyekua na kimoja tu hasikilizani na aliyekua na kingine.

Nilipanga chumba katika nyumba ya bibi mmoja aliyekwisha kupita miaka themanini. Wote tulimwita A-má, maana yake Bibi. Alizaliwa wakati Wajapani wanakitawala kisiwa, utawala uliodumu toka 1895 hadi 1945, kwa hiyo shuleni alifundishwa Kijapani, na nyumbani alisema Kitaiwani. Kimandarini kilimkuta mtu mzima, naye alikijua kwa maneno ya kuhesabika. Katika nyumba hiyohiyo aliishi mjukuu wake wa kike mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliyekisema Kimandarini siku nzima, na Kitaiwani alikijua kwa maneno ya kuhesabika vilevile. Walipendana sana wale wawili. Walipeana matunda yaliyomenywa, walitazama televisheni pamoja, lakini mazungumzo yao yalikuwa mafupi kama ya watu wanaokutana kituo cha basi.

Mtoto ndiye aliyenifundisha toni. Tangu mwaka 2001 shule za msingi za Taiwan zilianza kufundisha lugha za nyumbani, kipindi kimoja kwa juma, naye alikuwa amekariri kutoka huko orodha ya wanyama wanane. Sai, hó͘, pà, pih, kâu, káu, chhiūⁿ, lo̍k: simba, chui milia, chui, kobe, kima, mbwa, tembo, kulungu. Nilicheka niliposikia, maana ilikuwa kama mtu ananihesabia mbuga ya Serengeti pamoja na mgeni mmoja au wawili. Lakini orodha hiyo ni ngazi ya sauti. Simba husemwa juu na kwa usawa, bila kuyumba. Chui milia huanza juu akaporomoka. Chui huanza chini akashuka zaidi. Kobe hukatwa ghafula kooni, chini. Kima hupanda. Tembo hutembea katikati, sawasawa, bila haraka. Kulungu hukatwa ghafula kama kobe, ila yeye yuko juu. Na mbwa je? Mbwa hana sauti yake mwenyewe, anaimba ile ya chui milia. Kwa hiyo toni huhesabiwa nane, lakini sikio husikia saba.

Si mchezo wa watoto tu. Chukua silabi "si". Ikisemwa juu kwa usawa, "si", ni shairi. Ikiporomoka kutoka juu, "sí", ni kufa. Ikishuka chini, "sì", ni nne. Ikipanda, "sî", ni wakati. Ikitembea katikati, "sī", ni kitenzi cha "kuwa". Ikikatwa chini, "sih", ni jina la ukoo mmoja, na ikikatwa juu, "si̍h", ni kupata hasara katika biashara. Anayesema kwamba alama hizo ni mapambo, basi na aseme pia kwamba kifo na wakati ni neno moja.

Namna hii ya kuandika ina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Ilikuzwa na wamisionari wa karne ya 19 waliokuwa miongoni mwa wasemaji wa lugha hiyo upande wa bara na katika Asia ya Kusini-Mashariki, nayo huitwa Pe̍h-ōe-jī, yaani maandishi ya lugha ya kusemwa. Mwaka 1873 Carstairs Douglas alitoa kamusi kubwa ya lugha hiyo kwa herufi hizo. Huko Tainan, Mskoti Thomas Barclay aliendesha mtambo wa kupiga chapa, na tarehe 12 Julai 1885 likatoka toleo la kwanza la gazeti lililoandikwa lote kwa Kitaiwani cha herufi za Kirumi. Mkulima au mwanamke ambaye hakupata nafasi ya kukaa miaka mingi akikariri maelfu ya alama za Kichina aliweza kujifunza herufi hizi kwa muda mfupi, akasoma habari na kuandika barua kwa lugha aliyoota nayo ndoto. Mwaka 1925 Chhòa Pôe-hóe, mmoja wa watetezi wa haki za Wataiwani chini ya Wajapani, alichapisha kitabu kizima kwa maandishi hayo, akiwataka watu wake wayatumie kuondoa ujinga wa kutojua kusoma.

A-má alifundishwa herufi hizo na mama yake, mezani, baada ya chakula cha jioni. Na alikuwa na sanduku la bati lenye barua za dada yake mkubwa, aliyebaki kijijini baada ya A-má kuolewa mjini. Dada mwenyewe alikwisha kufariki. Macho ya A-má nayo yalikuwa yamefunga ukungu, hata kwa miwani hakuweza kuzisoma barua zile. Siku moja aliniona naandika barua ya nyumbani, akazitambua herufi. Kwa kumtumia mjukuu kama mkalimani aliniuliza kama ningeweza kumsomea.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuandika toni ni jambo moja na kuzitamka ni jambo jingine. Irabu hazikunisumbua, kwani a, e, i, o, u zao zinakaribiana sana na zetu. Nilisoma polepole, nikaipa kila silabi toni iliyoandikwa juu yake, kama mtoto alivyonifundisha. A-má alisikiliza kwa adabu, kichwa amekiinamisha. Kisha akasema sentensi ileile kwa kinywa chake, nami nikasikia kwamba karibu toni zote zimebadilika.

Kanuni yenyewe, nilipoieleza baadaye kwa rafiki zangu, hawakuamini. Katika Kitaiwani kila silabi ina toni mbili: ya kukaa na ya kutembea. Neno likisimama peke yake, au likiwa la mwisho katika kundi la maneno, husemwa kwa toni yake ya kukaa. Likifuatwa na jingine katika kundi hilo, hubadili toni. Na mabadiliko yenyewe ni duara. Toni ya kwanza hugeuka ya saba, ya saba hugeuka ya tatu, ya tatu hugeuka ya pili, ya pili hugeuka ya kwanza, tumerudi tulikotoka. Toni ya tano huko Tainan hugeuka ya saba, lakini kwa wasemaji wengi wa kaskazini, upande wa Taipei, hugeuka ya tatu. Zile silabi za kukatwa nazo zina mabadilishano yao. Bibi ambaye hakumaliza shule hufanya hesabu hii yote huku akimenya kitunguu saumu, wala hajui kwamba anaifanya.

Lakini maandishi hayaifuati hesabu hiyo. Huandikwa toni ya kukaa tu, hata pale ambapo hakuna atakayeitamka. Mwanzoni niliona kasoro hapo, maana sisi tumezoea kuandika kinachosikika. Kwetu "mu" likikutana na irabu huwa "mw", nasi twaandika "mwalimu" bila kusita. Baadaye nikaona busara yake. Kama kila mtu angeandika toni anayoitamka, neno moja lingekuwa na sura mbili, na msomaji asingelitambua likibadili nafasi. Zaidi ya hayo, mtu wa Tainan na mtu wa Taipei wangeandika tofauti maneno wanayoelewana kabisa wakiyasema. Maandishi yanashika asili ya neno, na mwendo wake yanauachia ulimi. Ni kama jina la mtu kwenye cheti cha kuzaliwa: mitaani ataitwa hivi na vile, lakini cheti hakibadiliki kila anapohama mtaa.

Hata hivyo, ulimi hupewa msaada kidogo. Silabi zinazotembea pamoja huunganishwa kwa kistari. "Āu-ji̍t", kwa kistari kimoja, ni siku za usoni, siku yoyote itakayokuja. "Āu--ji̍t", kwa vistari viwili, ni kesho kutwa: silabi ya kwanza hubaki na toni yake, na ya pili husemwa kwa wepesi, karibu kumezwa. Katika barua moja dada aliandika kwamba atakuja kumtazama A-má, na vistari vilikuwa viwili. Nikafikiri ni kitu gani kile, kistari kimoja cha wino, kinachotenganisha ahadi ya kesho kutwa na ahadi ya siku moja Mungu akipenda.

Basi nikajifunza kusoma kwa mwendo, sentensi kwa sentensi, A-má akirudia mpaka nami nikaweza. Tukafika kwenye barua mbili ambazo sitazisahau. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1953, mwaka ambao serikali iliwagawia wakulima wapangaji ardhi waliyoilima, wailipie kidogo kidogo. Dada aliandika maneno mawili, "bé chhân", akayapigia mstari chini. "Chhân" ni shamba la mpunga. "Bé", ile inayoporomoka, ni kununua. Baba yao, aliyelima ardhi ya wengine maisha yake yote, alikuwa ananunua shamba.

Barua ya pili ilikuwa ya miaka kumi na kitu baadaye. Maneno yalikuwa yaleyale, ila juu ya "e" pamelala kistari cha ubapa badala ya kile cha mshazari: "bē chhân". "Bē", ile ya katikati, ni kuuza. Shamba linauzwa ili mdogo wao wa kiume amalize shule. Katika kusema kwa haraka, neno la kununua hupanda likawa juu kwa usawa, na neno la kuuza hushuka chini. Niliposoma "bē" kwa sauti ya chini, A-má aliweka mkono mezani akanyamaza. Mjukuu aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza kwa Kimandarini bibi ana nini. Nikamweleza. Hakuwa amepata kusikia kwamba ukoo wao uliwahi kuwa na shamba.

Nikawaza juu ya ile shule iliyolipiwa kwa shamba. Baada ya 1945 serikali mpya ilikifanya Kimandarini kuwa lugha ya taifa, na kwa miaka mingi mtoto aliyesema lugha ya nyumbani shuleni alitozwa faini, au alivikwa kibao shingoni cha kumwaibisha mbele ya wenzake. Mwana wa A-má mwenyewe, baba wa yule mtoto, alisoma nyakati hizo. Aliniambia, bila uchungu, kwamba alitoa sarafu zake za chakula kulipa faini katika shule ambayo hakuitaja, na alipopata mtoto aliamua kwamba huyu hatalipa. Ndiyo sababu alimsemesha Kimandarini toka siku ya kwanza. Nani atamlaumu? Alimkinga mtoto na aibu, lakini kwa kufanya hivyo alimkinga pia na bibi yake.

Maandishi nayo yalipitia njia hiyo. Gazeti la Tainan lilisimamishwa mwaka 1942 chini ya Wajapani, likarudi baada ya vita, na kufikia 1970 lilikuwa limegeukia Kimandarini. Mwaka 1975 Biblia mpya iliyochapishwa kwa herufi hizo ilikamatwa na wakuu. Sheria ya kijeshi iliondolewa mwaka 1987, na hapo watu wakaanza tena kudai lugha yao hadharani. Mwaka 2006 Wizara ya Elimu ilitangaza mwandiko rasmi uitwao Tâi-lô, na mwaka 2019 ikaanza kutumika sheria inayozitambua lugha za kisiwa kuwa lugha za taifa. Huo mwandiko mpya umebadili herufi kadhaa, "ch" ikawa "ts", na "oa" ikawa "ua", na wapo wanaobishana mchana kutwa kuhusu upi ni bora. Lakini alama za toni karibu zote zilibaki kama zilivyokuwa katika barua za dada. Hata wanaoandika kwa simu na kuona taabu kutafuta alama, huweka tarakimu mwishoni mwa silabi. Hakuna aliyeona kwamba toni zaweza kuachwa.

Yule mtoto alijifunza ule mwandiko mpya shuleni, na jioni moja alichukua barua kutoka mkononi mwangu akasoma mstari mmoja. Alisoma kama nilivyoanza mimi, kila silabi kwa toni yake ya kukaa, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. A-má aliurudia mstari huo kwa mwendo. Mtoto akaurudia. Wakaendelea hivyo hadi mwisho wa ukurasa, nami nikaondoka nikaenda kuosha vyombo, kwa kuwa sikuhitajika tena.

Sitaki kumpa msomaji matumaini ya uongo. Alama juu ya herufi haziokoi lugha, kinachoiokoa ni vinywa viwili vinavyozungumza, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Lakini pale ambapo vinywa vilinyamazishwa kwa kizazi kizima, ilikuwa bahati kubwa kwamba mtu fulani aliamini silabi ya mkulima inastahili kuandikwa yote, pamoja na kupanda na kushuka kwake. Kama dada angeandika herufi tupu, "be chhan", A-má angeelewa, kwa kuwa alikuwapo. Mtoto asingejua kama babu mkuu alinunua au aliuza.

Nami nina watoto wa ndugu zangu Dar es Salaam wanaosoma Kihaya kwa mkazo wa Kiswahili, kila neno likipigwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa sababu karatasi haiwaambii vingine. Mama yangu huwasikiliza kwenye simu, akacheka, akawasahihisha, nao husema tena. Siku hizi, akizungumza, nina daftari karibu. Sijui mambo ya wanaisimu, kwa hiyo nachora kwa kalamu ya risasi tu: kistari kinachopanda pale sauti yake inapopanda, kistari kinachoshuka pale inaposhuka. Mpaka sasa nimefika maneno mia mbili na kumi.